Mtani Aliyemuuza Bibi Mpagazi

Wajukuu zangu humwangalia Bibi Mpagazi kwenye simu ya mama yao. Siku hizi amekuwa katuni. Ana macho makubwa, amevaa raba, na mzigo wake kichwani ni boksi la rangi ya machungwa lenye nembo ya juisi. Hawajui kwamba alizaliwa hapa Tabora, katika ghala la tumbaku nyuma ya reli, na kwamba kichwa chake cha kwanza kilikuwa kibuyu kutoka shambani kwa wakwe zangu, Puge. Niliwahi kuwaambia. Waliniangalia kwa ile huruma ambayo watoto huwa nayo kwa babu anayedai kumjua mtu wa kwenye televisheni.

Tuliokuwepo wakati kampuni iliyomzaa inaanza tumebaki wawili. Mwenzangu simwamini kuieleza, ndiyo maana naandika mimi.

Nilikuwa mtunza ghala wa chama cha ushirika cha tumbaku. Nilikuwa na kidato cha nne, mwandiko mzuri na majivuno ya mtu mwenye funguo nyingi kiunoni. Chama kilipopunguza wafanyakazi, nilipewa kiinua mgongo changu, na kwa hisani ya mwenyekiti nikaruhusiwa kupanga ghala moja tupu. Nilikuwa nimeazimia kufungua duka la pembejeo. Aliyenigeuza mawazo ni fundi wa redio na televisheni mwenye kibanda karibu na stesheni. Alikuwa Mzaramo. Alikuja na treni akimfuata mwanamke, mwanamke akaondoka, yeye akabaki. Mimi ni Mnyamwezi. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza hatukuwahi kusalimiana kama watu wengine.

"Mtumwa wangu, umeamkaje?" angeniuliza, huku ameinamia redio ya mtu.

"Wewe uliyekimbiwa na mke stesheni, unamiliki nini hata uwe na mtumwa?"

"Namiliki wewe. Babu yako alimwekea babu yangu mzigo rehani, hajarudi kuukomboa."

Wasomaji wengi wanaujua utani huu. Wapagazi wetu waliobeba pembe na nta kwenda pwani walipita kwao, wakaugua kwao, wengine wakafia huko na kuzikwa na wenyeji. Ndipo ulipotoka. Mtani anaweza kuingia jikoni kwako akafunua chungu. Anaweza kumkamata kuku wako akaondoka naye, na kazi yako ni kucheka, kwa sababu ukikasirika wazee watakutoza faini. Msiba ukikupata, yeye ndiye anayekuja kuvaa nguo za marehemu, kuigiza mwendo na sauti yake, na kuzuia jeneza mlangoni mpaka apewe kitu, ili mliofiwa mpate kupumua kidogo. Nilikulia ndani ya desturi hiyo na sikuwahi kuiogopa.

Mtani wangu alikuwa na kamera ya kurekodia harusi. Jumamosi asubuhi vibanda vya video mjini vilijaa watoto wakiangalia watu wazima wakikatana mapanga, na yeye ndiye aliyekuwa akitengeneza deki za vibanda hivyo. Siku moja alikuja kwangu wakati wa chakula, kama kawaida yake bila kualikwa, akasema tuwatengenezee watoto kitu chao wenyewe. Nikamwambia watoto hawanunui kitu. Akasema mama zao wananunua amani.

Mke wangu alikuwa akimenya ukwaju. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa analia, hataki uji. Mama yake alichukua kibuyu kidogo alichokuwa hajakitoboa, akakifunga kipande cha kitenge, akakisimamisha mkononi. Shavuni alikuwa na kokwa ya ukwaju. Akaongea na yule mtoto kwa sauti iliyopita pembeni mwa kokwa ile, sauti ya bibi mkorofi aliyetembea sana na bado ana maneno. "Mimi nimebeba mzigo toka asubuhi, wewe umebeba nini? Kijiko tu unashindwa?" Mtoto alinyamaza. Mtani wangu aliweka bakuli chini.

"Shemeji," alisema, "rudia hiyo."

Tulianza hivyo. Kuta za ghala tulizifunika magodoro ya zamani ili sauti isirudi. Treni ikipiga honi tulisimama wote, vibuyu mikononi, mpaka ipite. Mimi nilikuwa naandika. Mtani alikuwa mpiga picha na fundi wa kila kitu, ila Bibi Mpagazi alipoingia, kamera aliniachia mimi. Kazi ile ilihitaji watu wawili: mkono ulikuwa wa mtani, sauti ya mke wangu. Walikaa bega kwa bega chini ya meza, yeye akisikiliza mke wangu anavyovuta pumzi ili ajue lini akifungue kinywa cha kibuyu. Nje ya mimi na mtani, hakuna mtu aliyejua habari ya kokwa ya ukwaju. Mke wangu aliona haya watu wakijua.

Hadithi yetu ilikuwa nyepesi. Msafara wa vibuyu unatoka Tabora kwenda pwani kwa njia ya zamani, na kila kipindi unafika kijiji kimoja. Bibi Mpagazi ana mzigo kichwani, anakataa kuushusha. Watoto wa kijiji wanamuuliza kuna nini ndani. Anawafundisha kuhesabu, anawafundisha kuchemsha maji ya kunywa, anawagombeza, na mwisho anageukia kamera na kuuliza: "Nitue, nisitue?"

Mara ya kwanza tulipoonyesha kanda katika kibanda cha video, watoto walikaa kimya. Mara ya pili walipiga kelele mpaka mwenye kibanda akaja kuangalia kama kuna moto. "Tua, Bibi!" Naye akatua, akatoa mzigoni kitu kimoja tu, labda chungwa, labda kitabu, na kipindi kikaisha.

Usambazaji tuliufanya kwa treni. Tulimpa mlinzi wa behewa kanda, akamshushia mwenye duka wa Tura aliyekuwa na jenereta, na treni ya kurudi ikatuletea ile ya wiki iliyopita pamoja na salamu. Mwenye duka alituma ujumbe kwamba watoto wanatembea kutoka vijiji vya ndani, na kwamba tumwambie bibi asikawie kutua maana mafuta ya jenereta yanaisha. Baadaye zikaja sidii, na vibanda vya Nzega na Urambo vikataka. Kisha kituo kimoja cha televisheni cha Dar es Salaam kikasikia habari zetu.

Kituo hakiwezi kufanya biashara na ghala. Ilibidi tuwe kampuni, na kampuni ilibidi iandikishwe huko huko Dar. Mtani alikuwa na ndugu wa kufikia, mimi sikuwa na mtu. Nikamwambia aende aandikishe kwa jina lake, tutarekebisha baadaye.

Mke wangu alikuwa anaanika nguo. Alisema, "Na mimi niandikwe."

Tulicheka wote wawili, mimi na mtani. Yeye alisema, "Shemeji, wewe ni mali ya kampuni, mali haiandikwi mmiliki." Mimi nilisema, "Ataniibia nini huyu? Ni mtani wangu." Mke wangu aliibana shuka kambani kwa kibanio, akaendelea na nguo nyingine. Ningependa kusema nilijisikia vibaya siku hiyo. Sikujisikia chochote. Nilidhani kampuni ni maandishi yangu na kamera yake, na kwamba sauti inatoka tu, kama maji bombani.

Vipindi vilipoanza kuonyeshwa nchi nzima tulikuwa watu wakubwa hapa mjini. Waendesha bajaji walimwita mke wangu Bibi na kumpakia bure. Watoto wa shule walimzunguka sokoni wakimuuliza mbona leo hana mzigo. Alikuwa mtu wa aibu, lakini nilimwona akifurahi.

Ndipo mama yangu akafariki. Siku ya kuanua matanga mtani alikuja na majivu usoni, amevaa gauni la marehemu kinyume. Aliwatania wajomba, akaiba nyama sufuriani, akakimbizwa na wanawake kwa miko. Watu walikuwa wamelegea kwa kicheko. Kisha akapanda juu ya kinu.

"Nina tangazo," alisema. "Huyu mtumwa wangu nimemuuza. Yeye, mkewe, na vibuyu vyao vyote. Nimemuuzia tajiri wa Dar es Salaam. Jumatatu wanakuja kuchukua mzigo."

Kicheko kilienea mpaka barabarani. Kwa desturi ilikuwa zamu yangu kujibu, na nilijiona mwerevu.

"Umeniuza pamoja na madeni yangu?" niliuliza.

"Na madeni, na meno yako mabovu."

"Basi nimekubali. Mwambie tajiri ninakula mara tatu kwa siku."

Wazee walipiga makofi. Mjomba wangu alisema haijapata kutokea mtumwa kukubali kuuzwa upesi namna ile. Mke wangu alikuwa amesimama na ungo wa ugali mikononi, hakuusogeza kwa mtu yeyote.

Asubuhi yake aliniuliza, "Ulimsikia shemeji jana?"

"Nilimsikia. Alitupa raha."

"Yeye hakucheka."

"Mtani huwa anachekesha, hachekeshwi."

"Huyu huwa anaanza kucheka yeye kabla hajamaliza. Mpaka tunarudia kurekodi. Jana hakucheka, baba. Alisema mpaka mwisho."

Nikamwambia amechoka na msiba.

Jumatatu gari la mizigo lilikuja. Vijana wawili wenye adabu walishuka. "Shikamoo mzee." Nikaitikia marahaba. Wakasema wametumwa kuchukua mzigo wa Bibi Mpagazi, na mmoja akaanza kunionyesha karatasi. Sikuisoma. Nilicheka mpaka nikashika mlango. Nilijua mtani amekodi gari na amejificha mahali, karibu na kibanda chake pengine, ananingoja nikasirike mbele za watu ili nitozwe mbuzi. Sikutaka kumpa nafasi hiyo.

Nikawasaidia kupakia. Naliandika hili bila kulifunika. Nilibeba masanduku ya vibuyu kwa kichwa changu, nikiimba, majirani wakinishangilia. Nilibeba sanduku la kanda mama, zile za kwanza tulizorekodia, ambazo hatukuwa na nakala zake. Nilimwambia dereva aendeshe polepole, asije akapasua wenzangu. Mke wangu alikuja mbio kutoka nyumbani. Alipofika, Bibi Mpagazi alikuwa amekwisha lazwa juu ya masanduku. Alimwomba kijana amshushe, akamvua kile kilemba cha kitenge, kwa kuwa kilikuwa chake mwenyewe, akamrudisha kibuyu kitupu.

Gari lilipita kwenye kibanda cha mtani. Nilikuwa nalifuata kwa miguu, uso wangu tayari kwa kucheka. Halikusimama. Kibanda kilikuwa kimefungwa, na muuza karanga wa mlango wa pili akaniambia fundi alisafiri na treni ya Jumapili, na kitanda chake amemwachia yeye.

Nilikwenda kwa wazee wa pande zote mbili. Wale wa kwao walisema, "Safari hii amekuchukulia kuku mkubwa." Wa kwetu walijitahidi wasicheke. Mmoja wao, mtu niliyemheshimu, alinikumbusha kwamba muuzaji alitangaza hadharani, mchana, mbele ya ukoo, na mimi nikasema nimekubali. Kisha nikapakia. "Sasa sisi tukusemee vipi, mwanangu? Useme ulidhani ni utani? Si ni utani kweli?"

Kipindi kilirudi hewani baada ya muda. Bibi Mpagazi alikuwa na sauti ya msichana mmoja wa mjini, nzuri, laini, isiyowahi kubeba kitu. Msafara ukawa basi. Tabora haikutajwa. Mke wangu aliangalia kwa jirani kipindi kimoja, akashukuru kwa chai, akarudi nyumbani. Tangu siku ile hakuitoa tena sauti ile. Wajukuu walipozaliwa, mama yao alimbembeleza awafanyie Bibi Mpagazi, awalishe uji kwayo kama alivyowalisha wao. Alikataa.

"Niliuzwa nayo," alisema. "Walionunua ndio waitoe."

Niliposikia hivyo ndipo nilipofahamu nilichobeba kichwani siku ile. Maandishi yangu ningeweza kuandika upya. Sauti yake ilikuwa kwenye kanda tu, maana sidii za vibanda zilikwisha chakaa na kutupwa, na kanda zilikuwa Dar. Nikamwahidi nitazirudisha. Hakuniomba, niliahidi mwenyewe.

Nilikwenda. Katika ofisi yao yenye zulia, binti wa mapokezi aliniambia kampuni ilinunuliwa kwa mmiliki wake halali, na kama nina dai nimtafute huyo. Nilimtafuta mtani mitaa aliyozoea kuitaja. Kila mahali walisema alikuwepo juzi. Niliporudi Tabora nilimwambia mke wangu kwamba kanda zipo stoo, wanazitafuta. Kila alipouliza nilisema bado wanazitafuta. Mwishowe aliacha kuuliza, na nikamshukuru Mungu kwa hilo, mimi mjinga.

Aliugua kifua muda mfupi, akafariki. Tulipomlaza sebuleni, padre amekwisha fika na watu wamejaa uani mpaka kwenye ua wa jirani, nilisikia wanawake wakisema, "Mtani amekuja."

Alikuwa amekonda. Meno ya mbele hayakuwepo, na koti lake lilikuwa la mtu mwingine. Nilisikia baadaye kwamba wale matajiri walimweka kama fundi, kisha wakamwondoa. Nilisimama nimfukuze. Mjomba wangu alinishika mkono akaninong'oneza kwamba mtani hafukuzwi msibani, hata awe amefanya nini, na kwamba kaburi litatucheka. Wakwe zangu kutoka Puge walikuwa wamekwisha mpa khanga za marehemu na tenga lake la sokoni. Hawakujua habari zetu. Kwao alikuwa mtani tu, mwenye kazi yake.

Alijifunga khanga. Alitia kitu kinywani, akakisukuma shavuni kwa ulimi. Akaweka tenga kichwani, akaja akasimama mlangoni, mbele ya jeneza, mikono kiunoni.

"Mimi nimebeba mzigo toka asubuhi," alisema. "Ninyi mmebeba nini? Jeneza moja tu, wanaume wote hao?"

Ilikuwa ni yeye. Sisemi ilifanana. Pumzi, ule mkwaruzo pembeni mwa kokwa, ile namna ya kuchelewa kidogo kabla ya neno la mwisho. Mwanangu wa mwisho, mtu mzima mwenye ndevu, alishika ukuta. Watu walianza kucheka na kulia kwa pamoja, kama desturi inavyotaka, na wapo waliokuwa watoto wa vibanda vya video ambao sasa wana watoto. Aliwagombeza mmoja mmoja. Alimgombeza padre kwa kuchelewa. Kisha akageuka, kama vile anageukia kamera.

"Nitue, nisitue?"

"Tua, Bibi," waliitikia, uwanja mzima.

"Mwenye nyumba hajajibu."

Wote walinitazama. Nikamuuliza, kwa sauti ya kawaida, "Kanda zake ziko wapi?"

"Zilifutwa, mume wangu," alijibu kwa sauti ya mke wangu. "Walirekodia matangazo ya sabuni juu yangu. Nilikuwepo, nikaona."

Watu waliangua kicheko. Nilimtazama usoni. Hakucheka. Alikuwa amelisema mpaka mwisho, kama siku ile juu ya kinu, na safari hii nilijua kusikiliza. Nadhani hata yeye aliona kwamba nimejua, maana alishusha macho, tenga likayumba kidogo.

"Nitue, nisitue?" aliuliza tena, polepole.

Sikujibu. Mjomba alifikiri natafuta maneno makali ya kumrudishia. Niliona tu kwamba akishatua, kazi yake imekwisha, na sauti ile haitasikika tena mahali popote duniani. Nilimchukia mtu yule kuliko nilivyowahi kumchukia mtu, na nilitaka aendelee kusimama pale hadi jioni.

Akauliza mara ya tatu. Padre alikohoa. Mkwe wangu mzee akasema, "Mjibu mtani, baba. Jua linapanda, na mtoto wetu anangoja."

"Tua," nilisema.

Akatua tenga kwenye kizingiti, akasogea, jeneza likapita.

Tuliporudi makaburini alikuwa amekaa karibu na banda la kuku. Nilimpa jogoo wake, kama inavyopasa. Alimfunga miguu kwa kamba ya mkonge, akasema "Haya, bwana," bila kuniita mtumwa, akaenda zake njia ya stesheni. Jioni nzima watu walinisifu. Walisema hawajawahi kuona utani wa msibani uliokolea namna ile, na jinsi nilivyonyamaza kumchelewesha, mpaka mtani mwenyewe akaishiwa.

Ile kokwa aliitema mlangoni alipotua. Niliiona ikianguka, nikapita na jeneza. Asubuhi nilipokwenda kuitafuta, wanawake walikuwa wamekwisha fagia.